Viganja vya Tsietsi

Hii ni kweli tupu, na anayebisha aende Thabong, kule migodini Afrika Kusini, akaulize.

Asubuhi hiyo Tsietsi alikuwa amekaa jikoni, mikono yote miwili imezama kwenye bakuli la maziwa.

"Watoto wanakunywa chai ya rangi, wewe unaogesha mikono!" mkewe, Mamello, akafoka.

"Nikikamatwa, hata hiyo ya rangi hamtaiona. Ni jela, mke wangu!"

Uvumi ulikuwa umeenea mtaani: kuna mkaguzi wa bima ya wasio na kazi, anapita akisalimia watu kwa mkono. Kiganja kigumu ni ushahidi kwamba unapokea bima huku unafanya kazi kwa siri. Na Tsietsi alikuwa akila kotekote. Hela ya bima, iliyobaki mwezi mmoja tu, ilikuwa ikiingia, na vibarua vya kuchimba misingi vikileta nyingine. Wiki nzima alichimba amevaa soksi mikononi.

Gari jeupe likasimama langoni. Akashuka bwana mmoja mnene, akanyoosha mkono.

"Dumela, ntate," akamsalimu kwa Kisotho, yaani hujambo, baba.

Akakibonyeza kiganja cha Tsietsi kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Huna kazi?"

"Tangu mgodi ufungwe, ntate. Koleo sijaligusa."

"Hata kibarua?"

"Hata kung'oa jani!"

"Laini kama cha bibi harusi," bwana yule akasema, akauachia mkono. "Mtaa mzima huu hakuna mwenye sugu?"

Tsietsi akaona pa kuponea. Akanyoosha kidole nyumba ya pili. "Malefane, pale. Huyo anachimba kila leo. Mshike mkono, utaniambia."

Malefane hakuwahi kulipwa hata senti. Alichimba makaburi ya majirani waliofiwa, bure. Tsietsi alilijua hilo vizuri. Hata la baba yake alilichimba huyohuyo.

Nyuma ya pazia, akamwona bwana yule akibonyeza, akiitikia kwa kichwa, kisha akimfungulia Malefane mlango wa gari.

"Kwisha habari yake!" Tsietsi akacheka mpaka akashika mbavu. Mamello hakucheka.

Gari likapita polepole mbele ya lango. Malefane akatoa kichwa dirishani, macho yamemlowa.

"Tsietsi, ndugu yangu! Msimamizi huyu wa mgodi ananiambia ni wewe uliyemwelekeza kwangu. Mgodi unafunguliwa, wanataka wachimbaji, kazi ya kudumu. Mungu akulipe!"