Mkono wa Ndolo

Mate yalitua karibu kabisa na kiatu cha Mutindi, na Mzee Ndolo hakuomba radhi.

"Toa hiyo kitu mbele yangu," alisema. "Inanitia kichefuchefu."

Hiyo kitu ilikuwa kichwa cha tandala cha mti wa mwarobaini, na Mutindi alikuwa amekitoa kwenye mashine dakika chache tu zilizopita. Mashine yenyewe ilisimama katikati ya karakana ya chama cha wachongaji pale Kabati, ndani ya kizimba cha vioo, kisu chake kikigeukia kila upande kompyuta ilikokiagiza. Pembe ya tandala hupinda huku ikijisokota, na hapo ndipo wachongaji wengi huharibu mti mzuri. Mashine haikuharibu. Mutindi alikuwa amempiga picha tandala wa mti aliyeletwa na Ndolo, kutoka kila upande, kompyuta ikazisoma, kisha kisu kikafuata mpaka mkunjo wa mwisho. Watu wa Kabati waliuita mkunjo ule mkono wa Ndolo.

"Hata kushika tu hutaki, mzee?" Mutindi alimsogezea.

Ndolo alirudi nyuma, mikono ndani ya mifuko ya koti. "Nishike mavi ya mbuzi? Ya kwanza ni kama ya pili, ya pili ni kama ya mia."

Wanaume kumi na wawili waliokaa kwenye magogo walicheka, lakini kicheko chao hakikufika mbali. Hao walikuwa wachongaji wa mkono, na riziki yao ilikuwa inaamuliwa asubuhi hiyo. Bi Leyla, mnunuzi wa hoteli moja kubwa, alikuwa amekuja kuchagua: oda ya mwaka mzima iende kwa mashine, au ibaki kwao.

Mbuvi, mwenyekiti wa chama, alimimina chai. Ndolo aliikataa hata kabla haijamfikia.

"Mimi sinywi chai mahali kunanuka grisi."

Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Harusini hali chakula, na kanisani hata pasta hampi mkono, anamwinulia kidevu tu na kupita. Watu walisema sifa zimempanda kichwani, na kwa kweli alikuwa na sura ya mtu anayenusa uvundo kila anapogeuka.

Bi Leyla aliweka kikombe chake chini. "Mzee Ndolo, mimi napenda kazi ya mkono. Lakini bosi wangu anasema mashine na nyinyi ni mamoja. Nisaidie na kitu kimoja. Chonga pembe moja hapa, nikuchukue video na simu, nimtumie saa hii. Akiona, oda ni yenu nyote."

Mbuvi aliichukua tezo iliyonolewa vizuri zaidi, akamwelekezea mzee mpini.

Ndolo aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa panya aliyekufa.

"Nichezeshwe mbele ya simu kama nyani? Mimi nachongea kwangu. Kila mwezi naleta tandala wanne. Kuna mtu amewahi kulalamika?"

Hakuna aliyewahi. Tandala waliotoka kwa Ndolo ndio waliokuwa bora kuliko wote, na mwaka huu walikuwa wamezidi hata wale wa zamani.

"Tafadhali, mzee," Mbuvi alisema kwa sauti ya chini. "Watoto wetu wako shule. Pembe moja tu."

"Nimesema hapana."

"Basi mimi nipewe hiyo tezo," Mutindi alisema. "Mambo ya mashine nilienda kusomea kwa sababu nyinyi mlikataa kunifundisha."

Ilikuwa kweli, na aliyekataa alikuwa Ndolo mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita alimfukuza binti huyo karakanani mbele ya chama kizima. Tangu enzi za babu zao wanawake walipiga msasa na kupaka mafuta, na tezo ilikuwa ya mwanamume. Ndolo alilisimamia jambo hilo kwa ukali kuliko mtu yeyote, na wenzake walimpigia makofi.

"Mwanamke na tezo!" Uso ulimkunjamana. "Kinyaa cha kwanza ni hicho. Hii mashine yako inafuata."

Bi Leyla alirudisha simu kwenye mkoba. Alimwomba Mutindi ampe bei ya vichwa vya mashine, wakaenda kuzungumzia kando. Wachongaji waliinuka mmoja mmoja, kila mtu akafunga vifaa vyake kwenye gunia bila kuaga.

"Umetumaliza, mzee," Mbuvi alisema. "Na ni kwa maringo tu."

Ndolo aliondoka. Aliwachukia wote, akaichukia mashine, akajichukia na yeye, na uchungu wa vumbi la mwarobaini ulimkaa kooni njia nzima hadi nyumbani. Hakupitia sebuleni. Alizunguka hadi kibanda cha nyuma, ambacho madirisha yake yalizibwa kwa magunia, akausukuma mlango kwa bega na kuufunga kwa mgongo.

"Wamesemaje, Baba Kasiva?" mkewe Kalekye aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa ameketi chini, tezo mkononi, leso yake imejaa vipande vya mti, na pembe ya pili ya tandala ilikuwa imebakiza mkunjo mmoja.

"Walitaka nichonge wakiniona."

Kalekye alimsogezea mti. "Haya, nishikie hapa nimalizie."

Ndolo alitoa mikono mifukoni akaushika mti kwa nguvu zake zote, lakini ulitetemeka pamoja naye, mpaka Kalekye akamnyang'anya polepole, akaubana kwa magoti yake, akaendelea kuchonga.