Mgomba Uliovishwa Shati

Jael ndiye aliyechagua mgomba. Alizunguka nyuma ya jiko, akaipita ile yenye ndizi, akaonyesha kwa kidole mgomba mmoja mnyoofu, wa kimo cha mtu mzima. Vijana wakaukata, wakaufuta utomvu, wakaulaza juu ya mkeka. Kisha akaleta shati jeupe la mwanawe Elkanah, lile alilofungia ndoa, akalivisha shina kwa mikono yake na kufunga kifungo kimoja kimoja. Hakulia.

Watu hawakushangaa. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hapa huzikwa mgomba mahali pake, ukiitwa kwa jina lake, ili wanaobaki wapate kuendelea. Kilichowashangaza ni haraka ya Jael.

Elkanah aliondoka miaka ile watu walipong'oa mahindi mpaka mlangoni wapande miwa. Kiwanda kilitaka vijana wanaoijua sukari, kikampeleka kusoma kisiwa cha mbali, upande wa Amerika, ambako miwa imekatwa tangu zamani. Alimwacha mkewe Muhonja na mimba changa. Barua zikaja, zikapungua, zikakoma. Ile mimba sasa ilikuwa mvulana anayechunga ndama.

Muhonja hakuwa mke, wala hakuwa mjane. Shikanga, dereva wa trekta la miwa, aliyefiwa na mkewe, alitaka kumuoa na kumlea mtoto wake. Hakuwahi kukanyaga uani. Akipita na trela aliangusha mzigo wa kuni kando ya njia, akaenda zake. Lakini wazee wa ukoo walisema mke wa mtu ni wa mtu mpaka kaburi lionekane. Muhonja hakubishana. Aliamka, akapalilia, akapika, akalala. Chakula alikigusa tu, na Jael alikuwa akimtazama akikigusa.

Ndipo Makhanu akaja likizo. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, naye alikuwa amepelekwa kisiwa kilekile. Hakwenda kwanza kwa wazee. Aliingia jikoni kwa Jael, mlango ukafungwa, wakakaa mpaka moto ukafa. Chai yake iliota utando. Muhonja, aliyekuwa akipepeta maharagwe nje, alisikia swali moja tu, Jael akiuliza kama huko watu wanakula vizuri.

"Wanakula vizuri, Mama," Makhanu akajibu.

Kesho yake akasimama mbele ya wazee. Aliwaeleza juu ya hoteli iliyojificha kwenye ncha ya kisiwa, yenye barabara moja tu na geti, ambako hata wenyeji hawaruhusiwi kukanyaga ufuo. Mchanga wake ni mweupe kama sukari iliyotoka kiwandani sasa hivi. Matajiri huenda kulala juani mchana kutwa, mahali ambapo hakuna anayewajua. Ukumbi wa kulia chakula ulikuwa kiwanda cha sukari zamani, na bomba lake la moshi bado limesimama. Elkanah alipomaliza masomo alipata kazi hapo. Jioni moja nguo zake zilikutwa mchangani, zimekunjwa vizuri. Bahari haikumrudisha. Makhanu aliyasema yote akitazama viatu vyake.

Mzee mmoja akauliza mbona hoteli haikuleta habari. Jael akajibu badala ya Makhanu kwamba wageni wa hoteli kama hiyo wamelipa wasisikie habari za kifo.

"Mama Elkanah," mzee akasema, "mtu akishazikwa, amezikwa. Hata akitokea kesho hatapita kwenye lango hili. Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyemzaa," Jael akasema. "Zikeni."

Wakazika. Sellah wa jirani alileta sufuria kubwa bila kuombwa, akaleta na chumvi, maana alijua chumvi ndiyo husahaulika. Shikanga alichimba tangu alfajiri, akapangusa jembe, akaondoka kabla ya chakula ili asionekane anangojea kitu. Mawingu ya alasiri yalikuwa yamejaa juu ya msitu, yakaning'inia hapohapo, mpaka udongo wa mwisho uliporudishwa ndipo yakafunguka.

Wanawake walimnyoa Muhonja, kama anavyonyolewa mjane. Walipomgeukia Jael na wembe, alisema kichwa kinamuuma, wamwache kwanza. Binti yake Edah, aliyekuwa amejifungua juzijuzi, akasema mtoto ataitwa Elkanah, jina lisipotee. Jael akampokea mtoto, akamfuta maziwa mdomoni.

"Mpe la babu yake," akasema. "Hilo liache."

Edah alidhani ni uchungu, akamkumbatia. Jael akakubali kukumbatiwa. Hakusikia kitu mwilini, ila alijua kwamba mikono ya Edah ilikuwa na joto.

Mvua ilipokwisha, Muhonja alikuwa ameketi mlangoni, kichwa chake kidogo kama cha mtoto, sahani ya obusuma, ugali wa kwao, mapajani. Alikata tonge, akala. Akakata lingine. Jael alisimama pale akimwangalia mpaka sahani ikabaki tupu.

Makhanu alikuja kuaga, kofia mkononi. Likizo yake ilikuwa imekwisha, na ndege haingemngoja. Alisogea karibu na Jael, akashusha sauti.

"Mama, nikifika kule kisiwani ataniuliza. Nitamwambia nini?"

Jael hakuondoa macho kwa Muhonja.

"Mwambie tulimzika vizuri," akasema. "Mwambie hata mvua ilingoja."