Korongo Asiyetaka Utani

Simu zilipoingia porini, wanyama wa bwawani walifungua kundi la gumzo, na msimamizi wake akawa Ngiri, ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

Korongo, ndege wa madaha, alipoingizwa kundini alituma picha yake akiwa amesimama wima. Kabla hajakaa sawa, Ngiri akaandika: "Karibu, ndugu yetu! Hiyo ni miguu au vijiti vya mishikaki?"

"Sikuja hapa kutukanwa!" Korongo akajibu, akatoka kundini papo hapo.

Wenzake wakapigwa na butwaa. "Mimi mnaniita gunia la maji kila asubuhi," alisema Kiboko, "mbona sijatoka?"

"Labda kwao hawataniani," akasema Ngiri kwa majuto. "Tumwombe radhi arudi, tumpe heshima yake."

Korongo akarudi kifua mbele. Tangu hapo, kila alichotuma kilijibiwa: "Ahsante sana, Mheshimiwa Korongo." Mwanzoni alijiona mfalme. Lakini aliwaona wenzake wakichambuana, Kiboko na tumbo lake, Ngiri na mkia wake unaosimama kama antena, wakicheka mpaka machozi, huku yeye akipitwa na utani kama mgeni rasmi. Akatuma picha ya goti moja. "Ahsante sana, Mheshimiwa." Akatuma ya magoti yote mawili. "Ubarikiwe, Mheshimiwa."

Mwishowe uzalendo ukamshinda. Akaipiga picha miguu yake kwa karibu kabisa, akaituma, na chini yake akaandika: "Jamani, vijiti ndivyo hivi. Mbona hata mkaa hamjawasha?"