Mshono wa Bawa la Juu

Katika kiwanda kile, washonaji hawakutoka nje ndege ya kivita ilipojaribiwa. Walikaa ndani na kuupa uwanja mgongo. Kitambaa cha mabawa walikishona wao, na hakuna aliyetaka kuona kazi ya mikono yake ikimuua mtu.

Siku ile Wanda, mkubwa wao, aliinuka akatoka, sindano ingali imechomekwa kwenye ukosi. Ndege iliyotangulia ilichanika bawa la juu angani, na rubani Chester akaokolewa na mwavuli. Hii nayo ikichanika, wanajeshi walishasema, hawanunui tena. Bawa lake la juu Wanda alilishona mwenyewe, akirudia kila mshono.

"Rudi ndani, dada," msimamizi alimwambia. "Unajitafutia nini?"

"Chester yuko juu peke yake. Acha nimtazame."

Kule juu Chester aliielekeza pua chini. Ndege ikaporomoka, nyaya za mabawa zikilia, hata maofisa wakainamisha vichwa. Wanda hakupepesa macho. Karibu kabisa na ardhi ndege ikainua pua na kupanda tena, bawa la chini zima, bawa la juu zima.

"Limeshika!" Wanda alipiga kelele. "Jamani, limeshika!"

Milango ikafunguka, wanawake wakamiminika uwanjani, wengine na mikasi mikononi. Chester hakutua. Alipita chinichini mbele yao, akailaza ndege ubavu ili bawa la juu liwaelekee, na jua likautembelea mshono wote, ncha hadi ncha.