Usingizi Mbele ya Picha

"Mzee Halvard, amka bwana! Nimekuomba utazame picha, si ukorome!"

Mtafiti alishachoka naye. Wengine waliofika pale chuoni Bergen kwa utafiti wake walitazama kwenye skrini picha za matawi yaliyozaa vitawi, navyo vikazaa vidogo zaidi vyenye umbo lilelile, kisha wakaeleza walivyojisikia. Huyu, kila picha ikiwaka, kichwa kinamwangukia kifuani.

"Kama hutaki, si useme tu uende zako nyumbani?"

Halvard akajifuta mate kidevuni. "Usinifukuze, binti yangu. Tangu nimzike mke wangu, sijapata usingizi popote ila hapa."

Kidole cha mtafiti kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzimia picha. Akakiondoa. Akainuka, akazima taa ya chumba, na picha akaiacha iwake.