Kanga na Gunia la Mtama

Usinibinulie mdomo hapo! Hata sijaanza, umeshasema ni uongo. Kaa usikie.

Fungo alimrubuni kifaranga wa Kanga kwa ahadi ya kazi za ndani mjini, ng'ambo ya mpaka. Mbwa, askari wa mpakani, akamkuta mtoto kikapuni mwa Fungo, akamrudisha kwa mama yake, na Fungo akashtakiwa.

Kesi ilipokaribia, Kobe, mzee wa ukoo, akamwita Kanga nyumbani kwake. Fungo naye alikuwapo, na gunia la mtama miguuni.

“Mwanangu, tuyamalize kinyumbani,” Kobe alisema. “Pokea mtama, kesho ukaifute kesi.”

“Fungo kashindwa kumuuza mjini, sasa mnataka nimuuze mimi hapa?”

“Aa, Kanga! Aibu ya ukoo hufunikwa.”

“Kesi ya mtoto si yangu hata niifute, mzee. Ni ya serikali. Na anayeimaliza pembeni, sheria inamtaka naye.”

Kobe akacheka. “Nani atakayetusema?”

Mbwa akaingia, akakaa juu ya gunia. Kanga ndiye aliyemweka nje ya dirisha asikilize.

“Mwanangu, sema neno!” Kobe akalia.

“Nitalisema kesho, mbele ya hakimu,” Kanga alijibu, akatoka, akaufunga mlango.