Fundi Asiyetoka Chini ya Pikapu

Viatu viwili vya kazi vilichomoza chini ya pikapu ya Mzee Hezekia, cha kushoto kikiwa kimefungwa kwa waya wa njano badala ya kamba. Zaidi ya hapo hakuna kilichoonekana. Mwenye viatu alijiingiza chini ya gari mara tu mzee alipotajwa jina getini, pale gereji ya Meshaki, Makandana, na hakuonyesha dalili ya kutoka.

"Hata shikamoo hakuna?" mzee aliuliza.

Viatu vilirudi ndani kidogo.

Meshaki alijikuna shingo. Akaeleza kwamba fundi wake hasemi na mteja. Akigonga spana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Ni bubu?"

"Leo tu, mzee."

Historia ya ugonjwa wa gari ilikuwa fupi. Jumamosi Mzee Hezekia aliifungua injini mwenyewe, nyumbani Kisondela, akiongozwa na video ya kwenye simu na heshima kubwa aliyonayo kwa akili yake. Alipomaliza kuifunga alibakiwa na nati mbili na washa moja ya shaba, kipete cha kuziba uvujaji. Alitafakari, akaamua kwamba kiwanda kilizidisha. Tangu siku hiyo petroli ilidondoka tone kwa tone, na kuku waliozoea kulala chini ya gari walihama bila kuaga.

Angeivumilia, ila leo saa nane alitakiwa Suma, kwa mjomba wa binti aliyechumbiwa na mwanawe Elisha. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wanangoja neno lake, naye alikuwa nalo tayari: hapana. Asipofika, mdogo wake Ackson angejibu kwa niaba yake, na Ackson hajawahi kumkatalia mtu kitu tangu azaliwe.

"Nimesikia amelelewa Dar es Salaam," alimwambia Meshaki, kwa sauti ya kutosha gereji nzima. Elisha aliwahi kujaribu kumweleza zaidi, binti ni nani na anafanya kazi gani, mzee akamkatiza. Dar es Salaam ilimtosha. "Huyo atakuja kunishika mkono na kuniuliza mambo vipi. Mama yangu akimwona baba mkwe wake njiani alijifunika kichwa akaingia migombani. Hakumtazama usoni mpaka wanamzika. Jina lake hakulitamka, wala hakupokea kitu mkononi mwake. Hawa wa leo hawana adabu, na nitawaambia hivyo hivyo wazee wao."

Chini ya gari spana ilianguka, ikaokotwa, ikaendelea.

Meshaki alikohoa, akamshauri mzee akanywe chai nje. Mzee alikataa. Fundi anayeficha uso, alisema, huwa anaficha na vipuri.

Baada ya muda Meshaki aliinama, akanong'onezwa kitu, akainuka na swali: je, wakati wa kufunga injini, kuna kilichobaki? Mzee alitazama pembeni kama mtahiniwa aliyekutwa na karatasi ya majibu. Kisha akaitoa washa kwenye mfuko wa koti, akainama kuikabidhi.

Mkono wenye glovu ulitokeza, lakini haukupokea. Uligusa ardhi mara mbili.

"Niiweke chini? Huyu ananiona mimi nani?"

Mkono ulisubiri. Mzee akaitupa washa mavumbini, na mkono haukuiokota mpaka alipoondoa wake.

Ilipofika saa saba aliuliza kama anaweza kuondoka hivyo hivyo. Ngo, ngo. Akasema Suma si mbali. Ngo, ngo, kwa nguvu zaidi. Meshaki akatafsiri: petroli ilikuwa inadondokea ekzosi, na gari lingeweza kuwaka moto na yeye akiwa ndani.

"Basi afanye haraka," mzee alisema. "Nikichelewa, mtovu wa adabu yule akaingia kwangu, nitajua fundi wa kumlaani."

Spana ikaanza kufanya kazi mbio, kama vile na mwenyewe anawahi mahali.

Saa saba na nusu bomba lilikuwa kavu. Meshaki alipitisha kidole akamwonyesha. Mzee hakusema hata ndaga, asante ya kwao. Alikigonga kiatu chenye waya kwa ncha ya fimbo yake. "Aliyekulea amepata hasara," alikiambia, akapanda gari, akaondoka.

Huko Suma wazee walikuwa wamekaa kibarazani kwa Lazaro, mjomba wa binti. Aliyekosekana ni binti mwenyewe. Lazaro alitazama barabara mara kwa mara, akiomba radhi kwamba kazi imemchelewesha. Mzee Hezekia alifurahi moyoni na kuliongeza hilo kwenye mashtaka. Hakungoja. Alisimama, akaegemea fimbo.

"Binti huyu hana..."

Bodaboda ilisimama barabarani mbele ya nyumba. Abiria aliteremka, akamwona aliyesimama, akageuza uso haraka. Akavuta kanga mpaka kichwani, akaacha njia, akaingia migombani ili azungukie nyuma ya nyumba. Wanawake wazee walitazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Kanga ilikuwa ndefu, ila si ya kutosha. Chini yake, kati ya mashina ya migomba, vilipita viatu viwili vya kazi, cha kushoto kimefungwa kwa waya wa njano.

"Endelea, mzee mwenzangu," alisema Lazaro. "Binti yetu hana nini? Unamkubali au humkubali?"

Mzee Hezekia alivifuata viatu kwa macho mpaka vikapotea nyuma ya nyumba. Kisha akainua fimbo, akagonga sakafu mara moja.